Hiyo bili moja ifute kabla hujapanda basi la Malindi

Ndugu, nimesoma ujumbe wako mara mbili na vidole vinaniwasha. Umesema mnakuja na wenzako sita wa kazini kutoka Nakuru wiki ya pili ya Agosti, mnataka baa ya mtaani wanakokunywa wenyeji wa Malindi, si zile za wageni kule ufuoni. Unauliza mnazi wa kweli, ile pombe ya kugemwa, unapatikana wapi, mvae vipi, usiku mrudi vipi mnakolala. Sawa. Lakini katikati umetupia sentensi moja kama jambo dogo: kuna weita umeongea naye kwa simu, atawafungulia bili moja, mle na mnywe kwa raha, hesabu mwisho.

Usifanye hivyo. Mengine nitayajibu nikiyakumbuka, ila hili nalijibu sasa hivi.

Mimi nimeoa Malindi na nilikuwa nimeishi hapa miaka minne yaliponikuta haya, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hupatwa wageni peke yao. Ilikuwa Disemba, siku chache kabla ya Krismasi. Nilitaka kuwatoa wakwe: shemeji zangu wawili na wake zao, mke wangu, na mjomba wake, mzee wa watu ambaye hagusi pombe. Pamoja nami tulikuwa saba. Wanywaji walikuwa wanne, wengine soda. Kijana mmoja aliyejifanya mwenyeji wetu, rafiki wa rafiki, akanishika bega: "Kaka, pale ni kwetu. Usiaibike mbele ya wakwe kwa kuuliza bei kila saa. Nitaongea nao waweke kila kitu kwenye bili moja."

Neno hilo "usiaibike" ndilo lililonimaliza. Na naona hata humu jukwaani kuna watu wanaliandika kila mgeni anapouliza: watu wa Pwani ni wakarimu, ukiuliza bei utaonekana bahili. Nawaambia waziwazi, mnawaponza watu. Ukarimu wa Pwani uko nyumbani kwa mtu, ukikaribishwa mkekani ukaletewa maji ya kunawa. Baa ni duka. Mama anayeuza viazi karai kona ya kwetu anakutajia bei kabla hujakaa, na hakuna aliyewahi kumwita mchoyo.

Basi tukaketi. Baa yenyewe siitaji jina. Iko mitaa ya ndani, paa la makuti, viti vya plastiki, televisheni ya mpira, kaunta imezungushiwa nondo. Weita akaleta chupa, akazifungua, akaondoka. Hakuandika kitu mbele yetu. Akaja kijana wa jikoni na samaki, kolekole, kutoka kwenye friji, akamwinua kwa mkia: "Huyu mkubwa, anawatosha." Nikaitikia kwa kichwa. Mizani haikuguswa, bei haikutajwa. Nyama ya mbuzi nayo nikasema tu "leteni ya kutosha". Yule mwenyeji wetu akahamia meza ya pili kusalimia wenzake, na sikumwona akirudi.

Sasa sikiliza kuhusu mjomba, kwa sababu yeye ndiye shahidi wangu. Mjomba ni mtu wa drafti. Jioni zote hukaa maskani chini ya mwarobaini na wazee wenzake, na kete zao ni visoda vya bia: 12 vya aina moja, 12 vya aina nyingine. Seti yake ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Kwa hiyo kila chupa ilipofunguliwa mezani petu, mkono wake ulikuwa pale pale. Alikuwa anavipangusa kwa leso, anavipanga safu mbili ukingoni mwa meza, vya Tusker huku, vya White Cap kule. Ilipofika kama saa nne usiku alikuwa na 12 vya Tusker na 10 vya White Cap, na alikuwa akimsumbua shemeji mdogo: "Kunywa nyingine mbili basi, seti yangu itimie." Shemeji akakataa, ameshiba.

Yaani bia 22. Mzee alikuwa anazihesabu kwa sababu zake, si kwa sababu ya bili.

Ilipofika saa tano kasorobo, taa mbili zikazimwa. Weita akaja mbio: "Polisi wako njiani, tunafunga, lipeni haraka." Karatasi ikatua mezani. Bia 46 kwa shilingi 280, hiyo ni 12,880. Soda 14 kwa 80, ni 1,120. Nyama kilo 3 kwa 1,400, ni 4,200. Samaki 9,000. Na mstari wa mwisho umeandikwa "huduma", 1,000. Jumla 28,200.

Nikadhani wamekosea meza. Nikamwita meneja. Meneja akasema meza yetu ilikuwa inaagiza na ile ya pili, "yule kijana wenu alisema bosi analipa." Nikageuka. Meza ya pili ilikuwa imejaa chupa tupu na hakuna mtu. Mwenyeji wetu na simu yake vilikuwa vimezimika pamoja.

Mjomba akainuka taratibu, akaweka leso yake juu ya ile karatasi, akaifungua. Akamwambia meneja, bila kupaza sauti: "Hivi hapa ni 22. Kama sisi tumekunywa 46, nipe na vile 24 vyangu. Nimevitafuta usiku kucha." Meneja hakuwa na jibu. Alitazama vile visoda, akatazama mlango, akarudia kwamba polisi wanakuja.

Na mimi nikalipa. Mlango umefungwa nusu, wake za shemeji wamesimama na mikoba mkononi, mke wangu ananitazama, na kichwani linanizunguka lile neno "usiaibike". Nilikuwa na 9,000 taslimu. Kwenye M-Pesa nilikuwa na 15,000, na ndani yake karo ya Januari ya binti yangu. Zikaenda zote. Zikabaki 4,200, nikaacha kitambulisho kaunta, nikarudi kukikomboa Jumanne. Nyumbani nilipiga hesabu ya tulichokula kweli: bia 22 ni 6,160, soda 9 ni 720, nyama haikuzidi kilo 2, yaani 2,800, na samaki yule, kwa makadirio ya muuza samaki ninayemwamini nilipomwonyesha picha yake kwenye sinia, alikuwa kilo 3 hivi, tuseme 3,300 akiwa amepikwa. Jumla 12,980. Zaidi ya elfu kumi na tano nilimlipia mtu nisiyemjua kwa kuogopa kuuliza bei. Binti alichelewa kufungua shule siku nne. Hilo bado linaniuma kuliko pesa yenyewe.

Kwa hiyo kanuni ni hii moja, na ukisahau kila kitu nilichoandika usisahau hii: lipa raundi kwa raundi. Chupa zimetua mezani, pesa inatoka kabla kisoda hakijang'oka. Hakuna bili. Hakuna "tutaweka pamoja". Hakuna "bosi analipa". Kila mtu akitaka kununua raundi yake, anunue na kuilipa hapo hapo.

Usidhani weita atachukia. Katika baa nyingi za mtaani weita akichukua chupa kaunta zimeandikwa jina lake. Mteja akitoroka, zinakatwa kwenye mshahara wake. Ukimlipa kila raundi unampunguzia wasiwasi, na ukimwachia shilingi 50 juu yake atakuhudumia kama ndugu. Anayenuna ukitaka kulipa papo hapo ana hesabu yake nyingine, na huyo ndiye wa kumkimbia.

Jambo jingine wengi hawalijui: bia, nyama na samaki mara nyingi si biashara ya mtu mmoja. Kaunta ni ya mwenye baa, bucha ya pembeni imekodishwa na mtu mwingine, na jikoni kunaweza kuwa na mama anayejitegemea. Bili moja ina maana mtu wa kati anakusanya za watu watatu, na kila mkono unaopitia unaongeza chake. Inuka mwenyewe. Nenda bucha, chagua mbavu au paja, tazama nyama ikipanda mizani, uliza bei ya kilo na kama kuchoma kumo ndani yake, lipa, kisha rudi ukae. Ugali na kachumbari uliza pia, maana kwingine huja na nyama na kwingine huhesabiwa mbali.

Samaki ndio zaidi. Agosti bado ni msimu wa upepo wa kusi, bahari inachafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, kwa hiyo samaki ni haba na bei hupanda. Usikubali bei ya "huyu mmoja". Mfunue matamvua uone wekundu, mtazame jicho kama limezama, mbonyeze kidole kama nyama inarudi. Kisha apimwe mbele yako kabla hajaparuliwa, bei ya kilo itajwe, na mkubaliane kama ni wa kuchoma, wa kukaanga au wa kupaka, kwa sababu wa kupaka ana tui na ukwaju na wengine hutoza zaidi. Changu wawili au tafi watatu waliopimwa watakushibisha bila ugomvi kuliko kolekole mmoja aliyeinuliwa mkia.

Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Ukitajiwa namba ya biashara halafu likatokea jina la mtu binafsi, simamisha.

Na jiangalie na saa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inaziruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Kile kelele cha "polisi wako njiani" huja saa tano ikikaribia, kwa sababu mtu aliyeharakishwa hasomi karatasi. Kama hakuna bili, hawana cha kukuharakishia. Mnasimama, mnaaga, mnaondoka. Wakitaka kuwafungia ndani muendelee kunywa, msikubali. Ukifungiwa huna wa kumlalamikia, na baa yenyewe iko nje ya sheria.

Umeuliza mnazi. Wa kweli hunywewa mangweni, yaani vilabu vya mnazi, vijijini kidogo nje ya mji, si kwenye baa za chupa. Mgema hupanda asubuhi na jioni. Ule wa asubuhi ni mtamu kama maji ya matunda, kadiri jua linavyopanda unachachuka, na wa kulala unapiga. Mpate mwenyeji anayemjua mgema kwa jina. Mtaletewa kwa mboko, yaani kibuyu, na mrija. Huko nako unalipa unapopokea, na hakuna anayeshangaa, kwa sababu ndivyo wenyeji wenyewe wanavyofanya. Wazee waliokaa pale tangu asubuhi wanalipa mboko kwa mboko. Yule mwenyeji wangu wa uongo aliponiambia ni aibu, alikuwa akinifundisha adabu ambayo hapa Malindi haipo.

Kurudi, tuktuk ziko hadi usiku, patana nauli kabla ya kupanda. Aliyekunywa asishike usukani.

Mjomba alipata vile visoda viwili vya White Cap mwezi uliofuata, nyumbani kwangu. Nilinunua chupa zenyewe dukani, shemeji akazinywa kibarazani, mzee akamalizia seti. Mpaka leo akishinda mchezo pale maskani huinua kete moja na kuwaambia wenzake bei yake.

Sasa chukua simu, mpigie huyo weita leo hii, usingoje Agosti. Mwambie mnakuja saba, mtalipa kila raundi inapotua, na nyama na samaki mtazipima wenyewe. Akisema karibuni, nendeni. Akianza kukueleza kwamba bili moja ndiyo raha, kata simu uniandikie hapa, nitakuelekeza pengine ninapokaa na mjomba Ijumaa.