Taa ya kamera au kifuniko: jibu la fundi wa vipakatalishi

Ndugu yangu, umeuliza kama taa ndogo iliyo kando ya kamera ya kipakatalishi inatosha, au binti yako anayesoma kwa mtandao anunuliwe kifuniko. Mimi ni fundi hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na rai yangu ni kwamba kamera izibwe, ila si kwa vile vifuniko vya plastiki vya kusukuma vinavyouzwa kila mahali.

Taa hukuarifu kamera ikishawaka, haizuii chochote. Isitoshe, kuaminika kwake kunategemea ilivyounganishwa. Ikiwa umeme uleule unaoiendesha kamera ndio unaoiwasha taa, ni vigumu kuikwepa. Lakini ikiwa taa inaamriwa na programu iliyomo ndani ya chipu ya kamera, anayeweza kuibadilisha programu hiyo atarekodi taa ikiwa imezima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilionyesha jambo hilo mwaka 2013, kwa MacBook, yaani vipakatalishi vya Apple, zilizotengenezwa kabla ya 2008.

Hata hivyo, vifuniko navyo vina balaa lao. Skrini za siku hizi zikifungwa hukaribiana mno na kibodi, na Apple yenyewe ilionya mwaka 2020 kwamba MacBook isifungwe ikiwa na kifuniko chenye unene unaozidi milimita 0.1, yaani unene wa karatasi ya kawaida. Vioo ninavyoletewa vikiwa vimevunjika kwa sababu hiyo huwa na ufa unaoanzia pale pale kwenye kamera na kushuka chini, mara nyingi baada ya mkoba kubanwa ndani ya matatu. Utepe mweusi wa mafundi umeme pia siupendi: kwa joto letu la Kaskazi gundi yake hulainika ikaganda kwenye lenzi, na mwalimu akamwona mwanafunzi kama aliye ndani ya ukungu.

Kata kipande chembamba cha karatasi ya kunata, ile ya kuandikia vikumbusho, kizibe lenzi peke yake na kuiacha taa wazi. Ukijaliwa kununua kipakatalishi kingine, tafuta chenye kilango cha kuzibia kamera kilichojengwa humo humo, kama zilivyo ThinkPad nyingi za Lenovo. Maikrofoni haizibwi na lolote kati ya haya, kwa hiyo zikague ruhusa zake kwenye mipangilio. Naye binti aelezwe kwamba taa ikiwaka ilhali hayuko darasani wala hajafungua programu yoyote ya video, azime Wi-Fi papo hapo, kisha akuite.