Harry Secombe: mchekeshaji au mwimbaji?

Ndugu yangu, umeuliza Harry Secombe wa Wales alikuwa mchekeshaji au mwimbaji. Vyote viwili, na kwa moyo wote! Alizaliwa Swansea mwaka 1921, akapigana vita Afrika Kaskazini na Italia, kisha 1946 akapanda jukwaani London na kichekesho cha kunyoa ndevu: anajipaka povu uso mzima, anaigiza kila mtu anavyonyoa, halafu anayanywa yale maji ya sabuni. Redio ya BBC ikamtangaza kupitia kipindi cha vichekesho, The Goon Show, kuanzia 1951. Lakini msikilize akiimba! Sauti ya tatu, wanakwaya wangesema, yaani tenor, sauti ya juu ya kiume, imenyooka na ina nguvu. Mimi hiyo sauti ndiyo ninayoipenda zaidi. Alifariki 2001.