Bawa limejipinda

SWALI: Naunda ndege ya balsa (mbao nyepesi sana) ya kuongozwa kwa rimoti, ya vipande vya kwenye boksi. Bawa lilinyooka vizuri, ila baada ya kulivika plastiki na kupitisha pasi, ukingo wa nyuma umeinuka kwenye ncha ya kushoto. Nilivunje?

JIBU: Usivunje, ndugu yangu. Plastiki hiyo ikipata joto husinyaa na kuvuta mbao. Tafuta mtu alisokote bawa kinyume, kupita kidogo pale unapopataka. Wewe pitisha pasi juu na chini mpaka mikunjo ya plastiki iishe. Asiachie hadi lipoe! Langu la kwanza niliachia lingali moto, likarudi vilevile. Ukirusha lilivyo sasa, ndege italalia kushoto muda wote.