Jikoni kwa Shangazi: Vyungu vya Kwaresima vya Kihispania

Wiki mbili nyuma niliandika, kwa mstari mmoja tu, kwamba miaka niliyoishi Sevilla ndiyo iliyonifundisha kufunga Kwaresima bila kununa. Mstari huo umeniletea maswali kuliko pilau na biriani kwa pamoja. Haya hapa saba.

Shikamoo shangazi. Binti yangu anasoma Madrid. Anasema Ijumaa za Kwaresima mwenye nyumba wake hupika kitu kinaitwa potaje. Ni nini hasa, na mimi huku Moshi naweza kukipika?

Marahaba mwanangu. Tamka "potahe". Ni mchuzi mzito wa dengu, spinachi na samaki wa chumvi, na jina lake kamili ni potaje de vigilia, yaani wa siku ya mfungo. Nikisema dengu, nasema zile zenye kidomo kama cha kifaranga. Wasomaji wa Kenya wasije wakatia ndengu, ambazo kwetu ni choroko, wakaishia na uji wa kijani. Za Wahispania ni nono na nyeupe. Zetu za Shinyanga ni ndogo, za kahawia, ngozi ngumu, lakini zinafaa. Zipe muda zaidi motoni.

Loweka gramu 400 usiku kucha. Asubuhi chemsha maji kwanza, ndipo uzitie. Kina mama wa kule wana msemo wao wa jikoni: maharage huanzia maji baridi, dengu huanzia maji ya moto. Ukiongeza maji katikati ya mapishi nayo yawe ya moto, la sivyo zinakaza na utazisubiri mpaka Pentekoste. Niliwahi kuwapinga. Sikurudia.

Zikiwa zinatokota na kitunguu kizima ndani, weka kikaango pembeni na mafuta ya zeituni. Kaanga kipande cha mkate wa jana na punje tatu za kitunguu saumu mpaka viwe vya kahawia, uvitoe, uvitwange kinuni pamoja na kiini cha yai lililochemshwa. Hiki ndicho kinachoupa mchuzi uzito, usiruke. Katika mafuta yaleyale kaanga kitunguu maji taratibu, kisha toa kikaango motoni kabisa kabla ya kutia kijiko kimoja cha paprika. Paprika huungua kufumba na kufumbua, na ikiungua inakuwa chungu, hakuna dawa. Ile nzuri ya kwao hutoka La Vera, kule Extremadura, pilipili zake hukaushwa kwa moshi wa kuni za mwaloni, ndiyo maana chungu kizima kinanukia kama jiko la kijijini. Usipoipata, ya dukani itatosha.

Mimina vyote kwenye dengu zilizoiva, tia spinachi (mchicha pia sawa, uukamue maji), na dakika kumi za mwisho tia vipande vya samaki aliyetolewa chumvi. Juu katakata yai lililobaki. Onja kabla ya kushika kopo la chumvi, maana mara nyingi hutalihitaji.

Shangazi, huyo samaki wa chumvi si ndiyo ng'onda yetu tu? Naweza kumtumia papa? Niko Unguja.

Ni ndugu wa mbali. Wao humwita bacalao, samaki wa bahari baridi za kaskazini mwa Atlantiki. Mabaharia wa Kibaski, watu wa kaskazini mwa Hispania, walikuwa wakimfuata mpaka pwani za Newfoundland, Kanada, tangu karne ya 16. Madrid iko kama kilomita 300 kutoka bahari iliyo karibu, na kabla ya barafu na reli samaki mbichi alikuwa anafika kule akiwa na harufu ya kufukuza wageni. Wa chumvi alifika salama juu ya migongo ya nyumbu. Waendesha nyumbu wenyewe wameacha jina jikoni: bacalao al ajoarriero, bacalao wa kitunguu saumu wa mwendesha nyumbu.

Papa mkavu mimi nampenda, ila kwenye potaje atawanyamazisha wote, hutaisikia spinachi wala paprika. Tumia nguru wa chumvi. Ukibahatika kupata bacalao mwenyewe, mloweke saa 24 hadi 48 kwa unene wake, ngozi ikitazama juu ili chumvi ishuke chini, ubadilishe maji mara tatu kwa siku. Na awe ndani ya friji, si juu ya meza, joto letu si la Burgos, mji wa baridi wa kaskazini mwa Hispania.

Mara yangu ya kwanza nilimloweka saa tatu, nikidhani najua mambo ya ng'onda. Nilikuwa na wageni sita. Walikula kwa adabu, wakamaliza majagi manne ya maji, na mmoja akaniuliza kwa upole kama kwetu ndivyo tunavyopenda.

Mimi sili nyama wala samaki. Nimeachwa nje? (Nairobi)

La, umewekwa mbele. Sevilla wana espinacas con garbanzos, spinachi na dengu bila samaki kabisa. Ni mkate na kitunguu saumu vilevile vya kukaangwa na kutwangwa, ila hapa wanaongeza bizari nyembamba nyingi na kijiko cha siki. Inaliwa nzito, juu ya kipande cha mkate, na wala haingoji Kwaresima. Mtu wa pwani akinusa ile bizari nyembamba anajisikia nyumbani. Waarabu walikaa Andalusia, eneo ilipo Sevilla, karne nyingi, na hawakuondoka na viungo vyote.

Cha pili ni sopa de ajo, supu ya kitunguu saumu. Maji, mkate mkavu, kitunguu saumu, paprika, mafuta, na yai la kupasulia ndani kama unakula mayai. Basi. Ni chakula cha wachunga kondoo wa Castilla waliokuwa hawana kitu. Mjini Zamora maandamano ya Ijumaa Kuu hutoka saa kumi na moja alfajiri, baridi ikiuma, na yakifika mahali paitwapo Tres Cruces husimama ili watu wanywe supu hiyo ya moto. Kwamba kwa Kiswahili kitunguu chenyewe kinaitwa saumu ni bahati tu ya maneno mawili ya Kiarabu yaliyogongana mdomoni mwetu, lakini mimi huwa nacheka kila nikiikoroga.

Tumsifu Yesu Kristu, shangazi. Mimi ni katekista huku Bukoba. Umewahi kusifu torrijas, mkate wa maziwa, mayai na sukari. Huo ni mfungo wa namna gani?

Milele amina. Umenibana, na una haki.

Zamani hata mayai na maziwa vilikatazwa Kwaresima nzima. Ndiyo sababu moja ya mayai kujaa siku ya Pasaka: kuku hawakuwa na habari ya mfungo, waliendelea kutaga. Ila Hispania ilikuwa na mlango wake wa pembeni, bula (hati ya Papa) ya Santa Cruzada. Mapapa (wa Roma, si wale wa Unguja) waliwaruhusu wafalme wa Hispania kukusanya sadaka kwa ajili ya vita dhidi ya Waislamu, na aliyetoa sadaka alipata cheti, pamoja na ruhusa ya kula mayai, maziwa, na baadaye hata nyama kwa siku nyingi. Vita viliisha, bula ikabaki, ikinunuliwa kila mwaka hadi karne ya 20. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alipoandika upya sheria za mfungo, haikuwa na kazi tena. Mwenye pesa alikuwa anafunga kwa raha. Maskini asiye na cheti alikuwa anafunga kweli, na pengine angefunga tu hata bila Kwaresima.

Leo, kama unavyowafundisha watoto wako, kinachokatazwa ni nyama, kuanzia miaka 14. Mayai, maziwa na samaki ni ruhusa. Kwa hiyo torrijas haivunji sheria. Kama inavunja roho ya mfungo, hapo nakuachia wewe katekista. Mimi ninachokiona ni kwamba bacalao mzuri siku hizi anamzidi kuku bei, na bado kuku ndiye anayeitwa anasa.

Nimejaribu hizo torrijas, zimesambaratika zote kwenye mafuta. Nimekosea wapi? (Dodoma)

Mkate. Nina hakika ulitumia ule laini wa kukatwa, wa kiwandani. Unataka boflo la jana au juzi, lililokauka, ukate vipande vya unene wa vidole viwili. Chemsha maziwa na kijiti cha mdalasini, ganda la limau na sukari, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha loweka mkate mpaka uyanywe lakini ukiuinua usimwagike. Uweke kwenye chujio dakika chache. Ndipo uuchovye kwenye yai, na mafuta yawe ya moto kweli. Geuza mara moja tu. Ukitoka, sukari na mdalasini wa unga. Andalusia wengi humwagia asali iliyochanganywa na maji kidogo. Wapo wanaoloweka kwa divai badala ya maziwa. Mimi nabaki na maziwa.

Shikamoo. Hispania nzima wanakula hivyohivyo?

Marahaba. Hata kidogo. Chakula ninachokipenda kuliko vyote kiko karibu zaidi na Afrika kuliko na Madrid: sancocho ya visiwa vya Kanari. Ijumaa Kuu wanachemsha samaki wa chumvi, mara nyingi aitwaye cherne, pamoja na viazi mviringo na viazi vitamu, wanaweka mezani mojo, sosi ya kitunguu saumu, siki na pilipili, nyekundu au ya kijani. Pembeni kuna gofio, unga wa mahindi au ngano uliokaangwa kabla ya kusagwa, wanaukanda kwa mkono uwe tonge, bila kuusonga motoni. Ukimpa mtu wa Tanga sahani hiyo gizani, atauliza tu kwa nini ugali haujaiva.

Na Pasaka yenyewe, baada ya taabu yote hiyo?

Zamora, walewale wa supu ya alfajiri, Jumapili ya Pasaka hula dos y pingada: mayai mawili ya kukaanga na vipande vya paja la nguruwe, na mkate. Hawazunguki.

Catalunya na Valencia kuna mona de Pascua, mkate mtamu ambao baba au mama wa ubatizo humpa mtoto wake. Zamani ulipambwa kwa mayai mazima ya kuchemsha, na desturi ilikuwa idadi yake ifuate umri wa mtoto, mpaka 12. Sasa Barcelona mona imekuwa sanamu za chokoleti dirishani mwa maduka, nzuri za kutazama, na mimi siwezi kusimama hapo kwa dakika mbili bila kuutamani ule wa zamani. Valencia bado wanatoka nayo mashambani Jumatatu ya Pasaka, na yai lake hulivunji mezani: unalipasua kwenye paji la uso wa mwenzako, bila kumwonya. Ukitaka kujaribu Moshi, hakikisha tu limechemshwa.