Mpe Ngoma Aipige: Ushauri kwa Mtaa Unaotaka Kuuvunja Unyanyapaa

Ukikulia Dodoma, jina la Mirembe unalijua kabla hujajua kusoma. Mtoto akisumbua anatishiwa kupelekwa Mirembe. Dereva wa bajaji akikatiza vibaya, mwenzake anamfokea, "Umetoroka Mirembe?" Hospitali ile ipo tangu 1927, ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu wanaletwa kutoka mikoa ya mbali ili watibiwe, na sisi wenyeji wake tumeigeuza tusi. Mimi nimelazwa pale. Nilitoka na dawa zangu na tarehe ya kurudi kliniki, lakini mtaani nilikuta nimeshabandikwa jina, na jina lile lilinitesa kuliko ugonjwa wenyewe.

Nina ugonjwa wa hisia mseto. Kuna vipindi nachangamka kupita kiasi, silali, naongea bila kituo, nagawa vitu vya ndani. Kisha inakuja sonona, na hapo hata kuoga nashindwa. Katikati ya vipindi hivyo naishi kama jirani yeyote: nalima zabibu kidogo, nauza, nasali, nagombana na wanangu kuhusu shule. Kwa miaka kadhaa sasa nipo kwenye kikundi cha ngoma chenye watu wanaoishi na magonjwa ya akili, ndugu zao, na majirani wasio na ugonjwa wowote. Kila mwaka, Oktoba 10 ikikaribia, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunafanya sherehe mtaani. Watu wa Mpwapwa, Kondoa na Manyoni wamekuwa wakiniuliza waanzeje, ndiyo maana naandika.

Swali linalotangulia siku zote ni hili: mnasherehekeaje ugonjwa? Hakuna anayefurahia kusikia sauti zinazomtukana usiku kucha. Tunachosherehekea ni kwamba mwenzetu yupo, anaishi na hali yake bila kufichwa chumba cha uani, na ana kitu cha kuupa mtaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo hakuna ukoo unaoweza kusema haumo. Nimehudhuria semina nyingi ambazo mtaalamu anaeleza dalili, watu wanakunywa soda, wanaondoka wakisema, "Maskini, tuwahurumie." Huruma ya namna hiyo haijawahi kunisaidia. Anayekuhurumia hakukopeshi, hakupi kazi, na mwanawe akitaka kumuoa binti yako anamkataza.

Mwaka 2022 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la kitabibu la Lancet lilichambua tafiti za dunia nzima kuhusu unyanyapaa. Likaona kinachofanya kazi kuliko vyote ni watu wenye magonjwa ya akili kukutana na kushirikiana na wasiokuwa nayo. Mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa Charlene Sunkel wa Afrika Kusini, mama anayeishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Niliposoma hilo nilifarijika sana, kwa sababu ndilo tulilokuwa tumeliona kwa macho yetu uwanjani.

Sasa, mkutane kwa njia gani? Hapa ndipo watu wa katikati ya nchi tuna utajiri ambao wengine wanautafuta. Kwa Wagogo, wimbo ni wa wengi. Sauti zinapangana, moja inaanzisha, nyingine zinaipokea, na ukiondoa moja wote wanasikia pengo. Muheme ni ngoma ya wanawake, inabanwa mapajani na kupigwa kwa mikono, na anayeiongoza anaheshimiwa. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma, aliipeleka zeze, ala ya nyuzi, na ilimba, ala ya kuchezwa kwa vidole gumba, hadi majukwaa ya Ulaya. Pale Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo linalokusanya vikundi vya vijijini. Kwa hiyo mtu wa hapa hahitaji kufundishwa kumheshimu mpigaji mzuri, alishalelewa hivyo. Anzieni kwenye kile ambacho watu wenu wanakiheshimu tayari. Warangi wa Kondoa na Wanyaturu wa Singida wana ngoma zao, watumie hizo. Igizo lililoandikwa mjini na watu wasiowajua halitafika mbali.

Katika kikundi chetu kuna mama mwenye skizofrenia ambaye watoto walikuwa wanamfuata njiani wakimzomea. Alikuwa amejifunza muheme kwa bibi yake tangu akiwa msichana. Siku ya kwanza tulipompa nafasi ya kuongoza hadharani, wanawake wa rika lake walisimama wenyewe wakaingia kumpokea, bila kuombwa. Baada ya hapo alianza kualikwa harusini. Wale waliokuwa wakimwita chizi wakarudi kumwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama mama mwingine yeyote. Dawa zake ni zilezile, na bado kuna siku anazisikia zile sauti. Mtaa ndio uliobadilika.

Nje ya nchi wapo waliotutangulia. Huko Rio de Janeiro, Brazili, daktari Nise da Silveira alikataa kuwatibu wagonjwa kwa shoti za umeme na upasuaji wa ubongo. Mwaka 1946 akawafungulia chumba cha kuchora, na kufikia 1952 kazi zao zilikuwa zimepata makumbusho yake. Katika eneo hilohilo, tangu 2001, wagonjwa, ndugu zao, wauguzi na majirani huingia barabarani pamoja wakati wa kanivali, na kikundi chao kinaitwa Loucura Suburbana. Sisi hatuna kanivali, lakini uwanja wa shule ya msingi unatosha.

Kanuni ninayoisisitiza kuliko zote: changanyeni wapigaji, na msiwaambie watazamaji nani ni nani. Mshereheshaji asiseme "sasa tunawaletea wagonjwa wetu." Nusu yetu hatuna ugonjwa wa akili, nusu tunao, na tumevaa sare moja. Watu watajaribu kukisia. Wakimwonyesha kidole mwalimu wa shule wakidhani ndiye, na wakamwacha jirani yao aliyelazwa mwaka jana, wataondoka na swali ambalo semina isingewapa. Anayetaka kujitaja, ajitaje kwa hiari yake. Mimi hujitaja. Wapo wenzangu ambao hawajawahi, na hatuwaulizi.

Hilo la kujitaja lina uzito wake kisheria pia. Mashirika hupenda ushuhuda, na ushuhuda unaoliza watu ndio hupigiwa makofi. Lakini kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Msimsimamishe mtu mbele ya mtendaji, askari na simu hamsini zinazorekodi, mkamuuliza kama aliwahi kutaka kujiua. Mazungumzo hayo yafanyike faraghani, na mtu anayemwamini au na mhudumu wa afya. Picha nazo, ombeni ruhusa ya mhusika mwenyewe, ruhusa ya ndugu peke yake haitoshi. Picha ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp haitoki, na kuna binti wa kwetu aliyekosa kazi ya dukani kwa picha ya namna hiyo.

Mkifanya maigizo, mfuteni mwehu wa kuchekesha. Mnamjua: nguo zimechanika, makopo yanaburuzwa, anarukia watazamaji, watoto wanapiga mayowe. Kila kikundi kina mchekeshaji anayempenda mhusika huyo kwa sababu anapata makofi ya haraka. Mimi huondoka uwanjani nikimwona, na nawaomba muwe wakali kabisa kwenye hili. Andikeni igizo kuhusu mwajiri anayesita, au mama mkwe, au jirani aliyeambiwa kwamba ugonjwa unaambukiza. Wahusika hao wanachekesha vizuri tu, na kicheko kinamwendea anayestahili.

Kuna jambo ambalo wageni huwa hawalifikirii. Ngoma ikilia mahali penye mgonjwa wa akili, wengi hudhani mnapunga pepo. Tuliwahi kumwona mzee amemleta kijana wake kutoka mbali, na mbuzi, akitaka apungwe. Kwa hiyo nendeni mapema kwa shehe, mchungaji, padri na wazee wa mila, muwaeleze kwamba ngoma yenu haitoi jini, haichukui nafasi ya dawa, na hakuna anayelipia. Wakielewa wanakuwa watangazaji wenu bora. Na ndani ya kikundi kemeeni kwa upole kila anayesema tangu aanze kupiga ngoma hahitaji tena vidonge. Nafuu anayoisikia ni ya kweli, lakini akiacha dawa ghafla bila kumwona daktari ugonjwa unaweza kumrudia kwa nguvu kubwa zaidi.

Afya ya wapigaji naomba niikalie kidogo, kwa sababu ndiyo inayoharibu sherehe nyingi. Msikeshe. Kwa sisi wenye hisia mseto kukosa usingizi kunaweza kuwasha kile kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, na ngoma ya kukesha, hata iwe tamu vipi, inaweza kumalizikia wodini. Sisi tunaanza saa nane mchana na kufikia saa kumi na mbili jioni tumefunga. Jua la Dodoma nalo si la kuchezea: anayetumia klopromazini, mojawapo ya dawa za magonjwa ya akili, ngozi yake huungua upesi, na anayetumia lithiamu akiishiwa maji mwilini anaweza kupata sumu ya dawa hiyo. Turubai na ndoo za maji ya kunywa viwe vya kwanza kwenye bajeti, kabla ya spika. Dawa nyingine, haloperidoli, huwakakamaza baadhi ya watu misuli na kuwatetemesha mikono. Mtu wa namna hiyo asiondolewe, apewe kayamba au sauti ya kupokea, na amweleze daktari wake siku ya kliniki. Chakula kiliwe kabla ya mazoezi, maana kuna dawa zinazotia njaa kali.

Mazoezi yana kazi kubwa kuliko onyesho. Kwenye mazoezi jirani anakusubiri ukichelewa, anakukosoa ukikosea pigo, anakuazima khanga. Hapo ndipo uoga unapoisha, wiki baada ya wiki, bila mtu kuutaja. Kikundi kinachokutana mara moja kwa ajili ya sherehe kitapata picha nzuri na mtaa utabaki ulivyokuwa.

Fedha ikipatikana, igawanywe sawa. Nimeona vikundi ambavyo wazima wanalipwa posho na wagonjwa wanapewa chakula na fulana. Huo ni unyanyapaa uleule, na wote wanauona.

Mwenzenu akizidiwa kabla ya onyesho, nendeni kumwona wodini, mpelekeeni salamu na sabuni, na mwambieni nafasi yake ipo. Sisi wimbo wake hatumpi mtu mwingine mpaka arudi au atutume. Mgeni rasmi mpeni dakika chache tu, na mwombeni asiseme "hawa watu." Ombi hilo lipelekwe kwa barua, mapema, ili asiaibike mbele za watu.

Kuhusu utaratibu: anzeni mazoezi mwezi wa Juni au Julai, watu wakishatoka shambani. Mpitieni mwenyekiti wa mtaa na mtendaji kwa ajili ya kibali, na afisa utamaduni wa halmashauri kama mnataka kikundi kisajiliwe. Afisa ustawi wa jamii aalikwe tangu vikao vya mwanzo. Siku yenyewe mwombeni muuguzi wa kituo cha afya cha karibu aje na meza, akae pembeni, mbali na spika, na asiandike bango kubwa. Kila mwaka, ngoma ikiisha, kuna mama au baba anayesogea pale kuuliza kuhusu mwanawe aliyemfungia ndani. Asilaumiwe, amefika mwenyewe. Aandikiwe tarehe ya kliniki na jina la mhudumu atakayempokea, na mmoja wenu apange naye siku ya kwenda nyumbani kwake kumwona huyo kijana.