LDR yako haijafa, bado inakumbuka jua

Mdogo wangu, usiitupe LDR hiyo, kile kifaa ambacho ukinzani wake, yaani uzuiaji wa umeme, hushuka kwenye mwanga na kupanda gizani. Umesema uliiacha juani hapo Nzuguni, Dodoma, mchana kutwa, ukaifunika kwa tepu nyeusi, na sasa multimita inapanda kwa kujivuta badala ya kuruka hadi megaomu (omu milioni, kipimo cha ukinzani). Kadimiamu salfaidi, madini yaliyomo ndani yake, ndivyo ilivyo. Mwanga hung'oa elektroni na kuacha matundu, yaani nafasi tupu zilikotoka, na kasoro zilizomo ndani ya fuwele huyanasa matundu hayo kama mpira uliotumbukia kisimani. Elektroni ikikosa tundu la kurudia, inaendelea kuzurura na kupitisha umeme hata gizani. Kasoro hizo ni mitego: mingine huachia upesi, mingine hung'ang'ania dakika nyingi, hata saa. Joto husaidia kuyafungua matundu hayo, kwa hiyo asubuhi za Juni, baridi yetu ile ya upepo, utaona inachelewa zaidi. Hata watengenezaji hupima ukinzani wa gizani sekunde kadhaa baada ya kuzima taa, si papo hapo.

Ifungie kabatini usiku kucha, pima kesho. Kwa taa ya banda la kuku inatosha kabisa. Ukitaka kitu kinachoitikia mwanga upesi zaidi, tafuta fotodayodi ya silikoni, kihisi kingine cha mwanga.