Akikasirika ananinunia wiki nzima

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina miaka tisa ya ndoa na watoto wawili, nasi tunaishi Morogoro. Kila tukikorofishana mume wangu hunyamaza wiki nzima, hagusi chakula nilichopika, na akiwa na la kusema humtuma binti yetu wa darasa la pili: “Mwambie mama yako kodi nimeshalipa.” Safari hii tuligombana kwa sababu ya fedha alizompa mdogo wake bila kunieleza, nami kwa hasira nikamwambia kwamba mama yake alishindwa kumlea. Ndugu zangu wanasema nishukuru kwa kuwa hanipigi. Je, wana haki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hawana haki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 107, inautaja ukatili wa kiakili sambamba na ule wa mwili miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyazingatia inapopima iwapo ndoa imevunjika. Sikutumi mahakamani; nataka tu ndugu zako wapate la kutafakari.

Kunyamaza ili hasira ishuke ni busara. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyepima mapigo ya moyo ya wanandoa walipokuwa wakibishana, aliona kwamba anayejifungia kimya mara nyingi amezidiwa, akashauri mapumziko yasiyopungua dakika 20. Hizo ni dakika. Anayenuna wiki nzima, akasusa na chakula, anaadhibu.

Kinachonitia uchungu zaidi ni huyo mtoto, ambaye anabebeshwa maneno ya watu wazima wasiotazamana. Akija tena na ujumbe, mwambie kwa upole, “Baba ataniambia mwenyewe,” kisha umwache akacheze.

Nawe ulimtukania mama yake, neno ambalo mume halisahau upesi. Mwombe radhi kwa hilo peke yake, bila kuchomekea habari za fedha, hata kama yeye bado amenuna. Za fedha zisubiri siku mtakayokuwa mmetulia, na siku hiyohiyo mpatane kwamba anayetaka kunyamaza aseme atarudi lini kwenye mazungumzo. Akikataa, mwendeeni mshenga au msimamizi wenu wa ndoa, yule ambaye mumeo anamheshimu. Kaka yako usimwite kwanza, kwani mumeo ataona amewekewa kikao cha ukweni.